Rafu kwa Mrushaji katika NFL: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unamhusu shabiki wa NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, aliyeona mlinzi akimwangusha kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) vizuri kabisa, akaanza kushangilia, kisha kitambaa cha njano ambacho refa hurusha kuonyesha kosa kikatua uwanjani. Maswali yamekusanywa kutoka kwenye mabishano yaleyale yanayorudi kila msimu. Yamepewa namba ili jibu moja likuelekeze kwa jingine.

## Misingi

1. Kosa hili ni lipi hasa?

Ni kumgonga anayerusha mpira kwa namna ambayo kanuni inaihesabu kuwa ya hatari au isiyo ya lazima. Mara nyingi anayerusha ni kwotabeki, lakini kanuni inamlinda mrushaji yeyote. Mpokeaji akipewa mpira kwa hila na kuurusha mwenyewe, naye analindwa kwa muda huo.

Kosa hili lina umri mrefu. Adhabu ya yadi 15 kwa kumchezea rafu mrushaji iliingia kwenye kanuni za NFL mwaka 1938. Anayesema ulaini huu umeletwa na kizazi cha juzi hajui historia. Kilichobadilika ni orodha ya mambo yanayohesabiwa kuwa rafu, na orodha hiyo imerefuka sana tangu miaka ya 2000.

2. Adhabu yake ni nini, na kwa nini inauma kuliko nyingine?

Yadi 15, pamoja na jaribio la kwanza jipya bila masharti (timu hupewa majaribio manne ya kusonga yadi 10). Hilo la pili ndilo linalochoma. Timu ikiwa jaribio la tatu na yadi 18 za kwenda, mlinzi akimwangusha kwotabeki, kwa kawaida kinachofuata ni teke la kuurudisha mpira kwa wapinzani. Kitambaa kikirushwa, timu iliyokuwa inaondoka inabaki uwanjani na majaribio manne mapya.

Pasi ikiwa imekamilika, yadi 15 huongezwa pale mchezo ulipoishia, kwa hiyo pasi ya yadi 20 inakuwa hasara ya yadi 35 kwa wanaolinda. Karibu na mstari wa goli, adhabu hukatwa kuwa nusu ya umbali uliobaki.

3. Kwa nini huyu mmoja alindwe hivi, na wengine wavunjike?

Jibu la kitabibu ni kwamba mtu anayerusha yuko wazi. Macho yake yako mbali, mkono uko juu, mbavu ziko nje, na hawezi kujikinga. Jibu la biashara halifichiki pia. Mwaka 2024 Dak Prescott wa Dallas Cowboys alisaini mkataba wa wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka, na kwotabeki anapoumia thamani ya mechi za timu yake kwenye televisheni inashuka naye. Ligi inalinda afya na inalinda mali, na ukiwauliza walinzi watakwambia kipi kinaanza.

4. Nani hurusha kitambaa?

Uwanjani kuna waamuzi saba. Refa mkuu, mwenye kofia nyeupe, husimama nyuma ya kwotabeki upande wa mkono wake wa kurushia, na kazi yake kubwa wakati wa pasi ni kumwangalia huyo mrushaji. Mwamuzi mwingine anaweza kurusha kitambaa, lakini kosa hili kwa sehemu kubwa ni lake.

Fikiria basi anachokiona: migongo. Mlinzi akija kutoka upande wa pili, goti la mrushaji linafichwa na miili ya watu watatu wenye kilo mia na kitu kila mmoja. Wewe nyumbani una kamera ya pembeni, ya mbele na ya polepole. Wengi wa waamuzi hawa wana kazi nyingine za kuajiriwa katikati ya wiki.

## Kanuni inavyosema

5. "Hatua moja" ni nini?

Mpira ukishaondoka mkononi, mlinzi anaruhusiwa kumgusa mrushaji hadi mwisho wa hatua yake ya kwanza. Mguu ukikanyaga hatua ya pili kabla hajafika, amechelewa. Katika sehemu zote za kanuni hii, hii ndiyo inayopimika vizuri zaidi, na ndiyo inayozua ugomvi mdogo zaidi. Liweke hilo akilini ukifika swali la 9.

6. Kichwani na magotini je?

Ni marufuku kumgonga mrushaji kwa nguvu kichwani au shingoni, iwe kwa helmeti, mkono au kiwiko. Ni marufuku pia kumgonga kwa nguvu gotini au chini yake.

Magoti yana historia yenye majina. Januari 2006, katika mechi ya mtoano, Kimo von Oelhoffen wa Pittsburgh Steelers aliangukia goti la Carson Palmer wa Cincinnati Bengals na kulivunja vibaya. Kanuni ikakazwa. Septemba 2008, Bernard Pollard wa Kansas City Chiefs aliyekuwa tayari chini alijirusha kwenye mguu wa Tom Brady wa New England Patriots katika mechi yao ya kwanza ya msimu, na msimu wa Brady ukaishia hapo. Mwaka 2009 ligi ikafafanua kwamba mlinzi aliyeanguka haruhusiwi kujirusha kwenye miguu ya mrushaji. Mashabiki wakaiita kanuni ya Brady, na jina halijaondoka.

Kuna msamaha mmoja unaosahaulika: mlinzi anaweza kufagia kwa mkono au kukamata mguu ili amwangushe. Kinachokatazwa ni kugonga kwa nguvu.

7. Na hili la uzito wa mwili?

Mlinzi hatakiwi kutua juu ya mrushaji na uzito wake wote au sehemu kubwa yake. Anatakiwa ajitahidi kumkumbatia kwa mikono na kujigeuza pembeni. Maneno hayo hayakuanza 2018, lakini msimu huo ndio waamuzi waliagizwa kuyasimamia kwa ukali. Oktoba 2017 Anthony Barr wa Minnesota Vikings alikuwa amemwangukia Aaron Rodgers wa Green Bay Packers na kumvunja mfupa wa mtulinga.

Wiki za mwanzo za 2018 zilikuwa vurugu. Clay Matthews wa Packers aliadhibiwa wiki ya pili kwa kumwangusha Kirk Cousins wa Vikings, na wiki ya tatu kwa kumwangusha Alex Smith wa Washington. Mashabiki wengi, hata wasio wa Packers, waliitazama ile ya Smith mara kumi wakitafuta alichokosea. Wiki hiyohiyo ya tatu, William Hayes wa Miami Dolphins alijipinda asimwangukie Derek Carr kwa uzito wake wote. Akachanika kano ya goti na msimu wake ukaisha. Kanuni ya kuzuia majeraha ilikuwa imempa jeraha mtu aliyeitii.

Mwishoni mwa Septemba kamati ya ushindani ya ligi ilikutana. Kanuni ilibaki ilivyo, wakaahidi maelekezo yaliyo wazi zaidi.

8. Mlinzi hakukusudia. Hilo halihesabiki?

Hapana. Kanuni haiulizi nia. Inauliza umegonga wapi, lini, na umetua vipi.

## Malalamiko

9. Kwa nini tukio hili linaadhibiwa na lile linalofanana nalo linaachwa?

Hili ndilo swali lenyewe, kwa hiyo tulikalie.

Watu wengi wanaanza na refa: kipofu, mwoga, amenunuliwa. Anza na kitabu. Kanuni imejaa maneno ya kukadiria: kwa nguvu, bila sababu, kwa ukatili, sehemu kubwa ya uzito, ajitahidi. Sehemu kubwa ni ngapi? Mlinzi wa kilo 130 aliye hewani, aliyesukumwa ubavuni, na anayemshika mtu anayegeuka, anajitahidi kiasi gani ili ahesabiwe amejitahidi? Ukiwapa waamuzi 17 sentensi hiyo utapata majibu zaidi ya moja, hata wote wakiwa waadilifu.

Kisha kuna sentensi ambayo mashabiki wengi hawajawahi kusomewa. Kitabu cha kanuni cha NFL kinamwelekeza refa kwamba akiwa na shaka kuhusu rafu au mbinu ya hatari dhidi ya kwotabeki, siku zote aamue kuwa ni kosa. Isome tena taratibu. Katika makosa mengi refa hufundishwa kwamba asichokiona hakipo, na hapa anaambiwa shaka yenyewe inatosha. Matokeo yake lazima yayumbe, maana shaka inategemea umesimama wapi, nani alikufunika, na wiki iliyopita uliona jeraha gani. Refa mwenye pembe nzuri hana shaka, anaacha. Mwenzake mwenye pembe mbaya ana shaka, anarusha. Tukio ni lilelile, uamuzi ni tofauti, na wote wawili wamefuata kitabu.

Ndiyo maana ninaona hasira ya mashabiki ni halali ila inapelekwa nyumba ya jirani. Walioandika kwamba shaka ni kosa ni wamiliki wa timu na kamati yao. Wanajua gharama yake ni vitambaa vya uonevu, na wamekubali kuilipa ili kwotabeki asimame tena. Wangekuwa wakweli wangelisema hilo hadharani mapema kila msimu.

10. Ilikuwaje ile wiki ya Jarrett na Jones?

Oktoba 2022. Ukitaka mfano mmoja wa kumwonyesha mtu asiyejua ugomvi huu, chukua huu.

Jumapili tarehe 9, Tampa Bay Buccaneers wanaongoza 21–15 dhidi ya Atlanta Falcons, zimebaki takriban dakika tatu. Jaribio la tatu, Grady Jarrett wa Falcons anamkamata Tom Brady, wakati huo kwotabeki wa Buccaneers, anamzungusha na kumlaza chini. Falcons wangepata mpira na nafasi ya kushinda. Refa Jerome Boger akarusha kitambaa, Buccaneers wakamaliza muda, mechi ikaisha hivyo. Baadaye Boger alieleza kwamba mlinzi alimtupa kwotabeki chini bila sababu. Picha zilionyesha mtu akimwangusha mwenzake kama mchezo unavyotaka.

Usiku uliofuata, Chris Jones wa Chiefs alimnyang'anya Derek Carr wa Raiders mpira hewani, akatua juu yake huku mpira uko kwenye mkono mmoja na mwingine ameutanguliza ardhini kujizuia. Refa Carl Cheffers akasema alitua na uzito wote. Sasa hapa hata mtetezi wa waamuzi hukosa la kusema: Jones alikuwa ndiye mwenye mpira! Chiefs walishinda 30–29, kwa hiyo hasira ilipoa haraka kuliko Atlanta.

Usisahau kilichotangulia. Tarehe 29 Septemba, siku chache kabla, kwotabeki Tua Tagovailoa wa Dolphins alizungushwa na kutupwa chini huko Cincinnati, vidole vyake vikakakamaa mbele ya kamera, akatolewa kwa machela. Kitambaa hakikurushwa. Waamuzi nao ni watu, na Marekani nzima ilikuwa imeiona picha ile. Ukiuliza shaka ya Boger ilitoka wapi, mimi ningeanzia hapo.

11. Nyota wanabebwa, sivyo?

Kwenye Simba na Yanga neno hili halihitaji ufafanuzi, na mashabiki wa NFL wana lao kama hilo. Zamani lilikuwa kwa Brady, sasa ni kwa Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs. Januari 18, 2025, Houston Texans walifungwa 23–14 na Chiefs huko Arrowhead, na vitambaa viwili vya kumlinda Mahomes vikawa habari kubwa kuliko matokeo. Mlinzi Will Anderson Jr. alisema baadaye kwamba walijua wangecheza dhidi ya waamuzi pia. Troy Aikman, kwotabeki wa zamani aliyekuwa akitangaza mechi hiyo, aliulalamikia uamuzi wa pili papo hapo hewani.

Lakini mkumbuke Cam Newton, kwotabeki wa Carolina Panthers. Alikuwa mchezaji bora wa ligi msimu wa 2015, sura yake iko kila tangazo. Septemba 2016, mechi ya ufunguzi dhidi ya Denver Broncos, alipigwa helmeti kichwani mara kadhaa. Mwezi uliofuata alisema hadharani kwamba hajisikii salama uwanjani na atazungumza na kamishna Roger Goodell. Nyota wa kiwango hicho, na vitambaa vilikuwa haba. Newton alikuwa mkubwa kama mlinzi na alikuwa akikimbia na mpira, kwa hiyo jicho lilimwona kama mtu anayeweza kuvumilia. Ninashuku umbo na mtindo vinaamua zaidi kuliko jina. Mwembamba anayesimama wima mfukoni (eneo la nyuma linalokingwa na wenzake) akiguswa anaonekana ameumizwa, na jitu likiguswa linaonekana limeguswa tu.

12. Kwa hiyo mechi hazipangwi?

Sijaona ushahidi. Anayepanga mechi angetafuta njia isiyorudiwa mara 50 kwa picha za polepole siku nzima Jumatatu. Maelezo ya swali la 9 yanatosha bila njama.

## Marudio ya video

13. Kwa nini wasiangalie tu video?

Walishawahi kujaribu kwa kosa lingine, wakaungua. Januari 2019, katika fainali ya kanda, New Orleans Saints walinyimwa kosa la wazi la kumzuia mpokeaji, na Los Angeles Rams wakaenda Super Bowl, fainali ya ligi. Msimu wa 2019 makocha wakaruhusiwa kupinga uamuzi wa kosa hilo. Ukawa mwaka wa fedheha: hakuna aliyejua video inatakiwa ionyeshe nini ili uamuzi ubadilike, na baada ya msimu mmoja utaratibu ukafutwa.

Baada ya yale ya 2022, Rams (ndiyo, walewale) walipendekeza mwaka 2023 kwamba rafu kwa mrushaji iweze kupitiwa kwa video. Wamiliki waliikataa.

Waliotazama VAR wanajua pingamizi lenyewe. Video inajibu vizuri mguu ulikuwa wapi. Haijui uzito ni sehemu kubwa au ndogo, na mwendo wa polepole huufanya kila mguso uonekane wa kikatili. Wanaotazama raga ya kimataifa huuliza mbona kule refa hujadili kichwa kimegongwaje na mwenzake wa video, kwa sauti, watu wote wakisikia. Swali zuri. Sehemu ya kichwa ingeweza kufanywa hivyo kesho asubuhi.

14. Si walibadilisha mwaka 2025?

Kidogo. Wamiliki waliongeza mambo ambayo chumba cha video kinaweza kumsaidia refa, yakiwemo kushika kinyago cha helmeti na kugonga kwa nguvu kichwani au shingoni. Msaada huo ni wa kuondoa kitambaa pale picha zinapoonyesha wazi kwamba kosa halikutokea. Hauongezi kitambaa ambacho hakikurushwa. Uzito wa mwili haukuguswa, na ndiko kelele zinakotoka.

15. Kwa nini pasiwe na adhabu ndogo na kubwa?

Kwa mpiga teke ipo. Kumgusa ni yadi 5 bila jaribio jipya la lazima, kumchezea rafu ni yadi 15 pamoja na jaribio jipya. Ligi ingeweza kunakili hiyo kwa mrushaji, na tukio la Jarrett lingekuwa la yadi 5, watu wakanung'unika na kulala.

Upinzani wake ni kwamba refa angepewa kadirio jingine juu ya alilonalo. Pia NFL imewahi kwenda upande wa pili: mwaka 2008 iliifuta adhabu ya yadi 5 ya kushika kinyago kwa bahati mbaya. Bado ningeijaribu. Kadirio lenye gharama ndogo linasameheka.

## Mambo ya pembeni

16. Kwotabeki akitoka mfukoni bado analindwa?

Nusu. Akirusha huku anakimbia nje ya mfuko, anapoteza kinga ya hatua moja na kinga ya magoti, lakini kichwa chake bado ni marufuku. Akiamua kukimbia na mpira kabisa, anahesabiwa kama mkimbiaji, hadi atakaposimama tena kwa mkao wa kurusha.

17. Na akiteleza miguu mbele?

Amejisalimisha, mchezo umekufa pale. Kumgonga baada ya hapo ni rafu isiyo ya lazima, jina lingine lenye yadi zilezile 15. Ndicho alichofanya Azeez Al-Shaair wa Texans kwa Trevor Lawrence wa Jacksonville Jaguars tarehe 1 Desemba 2024, akafungiwa mechi tatu. Hapo sikusikia mjadala. Kitambaa cha pili cha mechi ya swali la 11 kilikuwa cha aina hii pia: Mahomes aliteleza akiwa amechelewa, walinzi wawili wakagongana wao kwa wao zaidi ya kumgonga yeye.

18. Mlinzi akisukumwa na mpinzani hadi akamgonga kwotabeki?

Si kosa, iwapo hakuwa na nafasi ya kujizuia. Shida ni kwamba kusukumwa hutokea nyuma ya miili ileile ya swali la 4.

19. Pasi ikidakwa na walinzi, kitambaa kinaifuta?

Ndiyo, kwa sababu kosa lilitokea kabla mpira haujabadilisha mikono. Septemba 16, 2018, Jaire Alexander wa Packers aliidaka pasi ya Cousins mwishoni kabisa, Packers wakiongoza 29–21. Mechi ilikuwa imekwisha. Lakini kitambaa kilikuwa chini kwa ajili ya Matthews. Vikings wakabaki na mpira, wakafunga, wakaongeza pointi mbili, na mechi ikaisha sare 29–29.

20. Aliyeadhibiwa uwanjani hutozwa faini pia?

Si lazima. Ofisi ya ligi hupitia matukio upya katikati ya wiki, na inaweza kuona tofauti na refa bila kusema kwamba refa alikosea. Jarrett hakutozwa. Aliyetozwa ni Brady, kwa kumrushia Jarrett teke walipokuwa chini.

21. Ninatazama nikiwa Dar au Mombasa. Maelezo ya refa nitayapata lini?

Baada ya mechi yenye utata, mwandishi mmoja huruhusiwa kumuuliza refa kwa niaba ya wenzake, na majibu huchapishwa muda mfupi baadaye. Mechi za Jumapili za saa 7 mchana za mashariki mwa Marekani kwetu huanza saa 2 usiku, au saa 3 wakirudisha saa zao nyuma mwezi wa Novemba, kwa hiyo ukivumilia utayasoma kabla ya kulala. Ile kubwa ya Jumapili usiku huanza saa 9:20 usiku au 10:20 alfajiri. Maelezo yake utayakuta kwenye simu ukiwa kazini, na mara nyingi ni sentensi mbili au tatu zinazorudia maneno ya kanuni.